Kurasa Sita za Mwalimu Nedelya

Mimi ni mtu wa wivu tangu nijue kuvaa viatu, na sioni sababu ya kulificha hilo katika kitabu changu mwenyewe. Nimewaonea wivu dada zangu kwa nywele zao na majirani kwa mapazia yao. Hata lori la marehemu mume wangu, Juma, nililionea wivu, kwa sababu alizungumza nalo kwa upole kuliko alivyozungumza na mimi. Lakini wivu ulionigharimu ni mmoja tu, na niliyemwonea alikuwa mwanamke aliyekufa zaidi ya miaka mia moja kabla sijasikia jina lake, huko Ulaya, katika nchi nisiyowahi kuikanyaga. Kwa muda mrefu nilidhani habari hiyo imekwisha. Mwezi uliopita nikapigiwa simu kwamba Lazaro amefariki, nikapanda basi la asubuhi kutoka Kondoa mpaka Dodoma, na kutoka hapo nikaenda msibani kwao Zuzu.

Watu walikuwa wengi, maana Lazaro alistaafu akiwa bwana shamba aliyejulikana kuanzia Zuzu hadi Mtera. Wanawake tuliingizwa chumba cha ndani tukakaa kwenye mikeka, mjane akiwa ameegemea ukuta. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba nilifanya kazi na marehemu zamani, kwenye shamba la zabibu. Alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyowashika wengine, akasema, "Karibu, dada," basi. Tuliporudi kutoka makaburini akanijia binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa sekondari, amebeba bahasha kubwa ya kaki.

"Shikamoo, mama. Samahani, wewe ndiye mama Zuhura, aliyekuwa mpiga chapa?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ndiye niliyekupigia simu. Baba aliniachia hii. Alisema siku akiondoka nimtafute mpiga chapa wa Mzee Stoyani, nimpe mkononi."

Nilimuuliza jina lake. Akasema anaitwa Neda. Niliichungulia ile bahasha, nikaona ndani kuna daftari kubwa lenye gamba gumu la bluu, ambalo ningelitambua hata gizani. Sikuweza kulitoa. Nililiweka mapajani, nikakaa nalo hivyo, watu wakiimba nyimbo za kanisani, mimi nikirudi peke yangu kwenye mwaka ule.

Ulikuwa mwaka ambao maduka ya Dodoma yalijaa ghafla. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, mara tukaona sabuni za rangi tatu, viatu vya mitumba vimemwagwa chini kama viazi, na redio zinazopiga kelele kila kibaraza. Kila kitu kikawa ruksa. Wakati huohuo, shamba la serikali nililokuwa nimeajiriwa likaanza kusemwa kwamba litauzwa, na haijulikani wafanyakazi wake watauzwa nalo au vipi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, kinachonuka salfa waliyokuwa wakipulizia mizabibu. Meza yangu ilikuwa dirishani. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa udongo na safu za mizabibu mpaka reli, na nyuma yangu palikuwa na mlango. Kwa hiyo kila aliyeingia aliniona kisogo kwanza. Kwa sababu ya joto nilikuwa nafunga kitambaa juu ya kichwa, shingo nikaiacha wazi, na shangazi, ambaye nilikuwa nakaa kwake karibu na soko, hakulipenda jambo hilo hata siku moja.

Mzee Stoyani ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mizabibu. Alitoka Bulgaria, akakaa nasi miaka kumi na moja, na Kiswahili chake alifundishwa na wapogoaji, kwa hiyo alikiongea kama mtu wa Zuzu kabisa. Kila aliyekutana naye alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," awe Mgogo, Mrangi au Mhindi wa duka la vipuri. Mchana alikula kantini pamoja na sisi, ugali wa uwele kwa mlenda, na mlenda ulimwachia nyuzi kwenye masharubu, akazifuta kwa mgongo wa mkono bila haya. Mwaka ule serikali ya kwao ilikuwa imeanguka. Barua za ubalozi zikakoma, mkataba wake ukakatwa, akaambiwa afungashe ifikapo mwisho wa mwaka.

Siku moja pale kantini wapogoaji walikuwa wanazungumza habari za wakoloni, Wajerumani na Waingereza, nani alikuwa na kiboko kikali zaidi. Mzee Stoyani akanyanyua uso kwenye sahani yake.

"Sisi tulitawaliwa miaka mia tano," alisema.

Watu walicheka. Mama Chiku, mpishi wetu, aliweka mwiko chini. "Mzungu? Atawaliwe na nani?"

"Na Sultani wa Waturuki. Babu zangu walilipa kodi ya kichwa, wakashuka kwenye punda kila akipita askari. Baba wa babu yangu alinyongwa kwa sababu hiyo."

Hakuna aliyecheka tena. Kesho yake alikuja na daftari lake, limechakaa, limejaa maandishi ya kwao. Yalikuwa maisha ya huyo baba wa babu yake, Iliya, kama bibi yake alivyomsimulia jikoni. Alituambia kwamba nyumbani chama tawala kilitundika picha ya Iliya ukutani kilipomhitaji, na sasa watu wanashusha kila kilichokuwa ukutani bila kuchagua. Hakuna wa kumsoma. Alitaka atuachie sisi, kwa Kiswahili, nakala mia moja, moja kwa kila mfanyakazi, ndiyo iwe kwaheri yake.

Wa kutafsiri alikuwa mmoja tu. Lazaro alikuwa amesoma kilimo miaka mitano kule Plovdiv, Bulgaria, akarudi na cheti, koti zito ambalo Dodoma halina kazi, na kamusi nene ya Kibulgaria. Alikuwa kijana mpole, mrefu, anayeinama mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Nilimpenda. Nalisema sasa kwa urahisi, lakini wakati ule hata mwenyewe sikujiambia kwa sauti. Alikuwa Mgogo na Mkristo, baba yake msoma somo kanisani. Mimi nilikuwa binti wa Kiislamu wa Kondoa, na kibarazani kwa shangazi nilikuwa nikiwasikia wanawake wakinipangia maisha huku wakichambua mchele. "Yule Juma ana lori la kwenda Babati," mmoja alisema, nami nimesimama nyuma ya mlango na beseni la nguo. Shangazi akajibu, "Zuhura hana tatizo. Tatizo lake ni kutotabasamu." Nikarudi uani nikaanika nguo zote upya, ingawa zilishaanikwa.

Kazi tuliigawa hivi. Lazaro alitafsiri nyumbani kwake kwa mkono, kwenye daftari la bluu. Saa za chakula alikuja ofisini, akasimama nyuma yangu na kunisomea, nami nikakata stensili. Kwa wasiojua, stensili ni karatasi yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye mashine, herufi zinapiga nta na kuitoboa, halafu wino unapitia kwenye matundu wakati wa kudurufu. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unapiga tena. Stensili zilikuwa pakiti mbili tu, na karatasi za kuandikia rasimu hazikuwepo. Alichokisema Lazaro kiliingia moja kwa moja kwenye nta, na zaidi ya daftari lile la bluu hakikuwa kwa Kiswahili mahali pengine popote duniani. Ndivyo nilivyoamini.

Iliya nilimpenda tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa mchungaji wa kondoo aliyewaswaga kwa miguu hadi Stambuli kuwauza. Mtoza kodi alichukua kondoo wa kumi, mwaka uliofuata akachukua na wa tisa, mwaka wa tatu akachukua mbwa, na ni kwa ajili ya mbwa Iliya akaingia mlimani. Wapiganaji wa kwao walikuwa na majira kama wakulima. Walipanda mlimani miti ilipovaa majani, siku ya mtakatifu Joji, na kushuka siku ya mtakatifu Dimitri, majani yakianguka, kwa sababu msitu mtupu haufichi mtu. Wakati wa baridi waligawanywa majumbani, wakajifanya watumishi wa kupasua kuni. Mke wake alikufa kwa homa, mtoto akalelewa na mama yake Iliya, na Iliya mwenyewe akaapa kiapo cha waasi mbele ya kasisi, mkono juu ya Injili, bastola na jambia. Kwa kuwa hawakuwa na mizinga, walitoboa gogo la mti wa matunda, wakalifunga pete za chuma za magurudumu ya mikokoteni, wakalijaza baruti. Lilipasuka siku ya kwanza, likaua mwenzao. Mama Chiku alikuwa akija kusikiliza mlangoni na mwiko wake, na hapo alilia kwelikweli.

Siku hizo za mwanzo Mzee Stoyani alikuja mezani kwangu, akavua kofia. "Bibi Zuhura, Iliya amepigana na Waislamu. Wewe Mwislamu unamwandika. Moyo wako uko sawa?"

"Amepigana na mtoza kodi," nilimjibu. "Na mwizi wa mbwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Lazaro, nyuma yangu, hakucheka, ila nilisikia kwamba ametabasamu. Kuna watu unasikia tabasamu lao. Kila Jumatatu alikuwa akiniletea kifurushi cha mlenda mkavu kutoka kwa mama yake, umefungwa kwenye gazeti, anauweka pembeni ya mashine bila kusema kitu. Nilidhani ni shukrani ya kazi. Shangazi aliupika, akasema huyo anayenigawia ana mama mwenye mkono mzuri.

Halafu niliona picha. Lazaro alisahau kamusi yake mezani, nikaifungua, na katikati yake alikuwamo msichana wa kizungu amesimama kwenye theluji, kofia imelala upande, anacheka na mtu aliyeshika kamera. Nyuma kuliandikwa maneno ya kwao ambayo sikuweza kuyasoma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama ningeyasoma. Niliirudisha palepale kwenye ukurasa wake. Jumatatu iliyofuata niliuacha ule mlenda mezani mpaka panya wakaula.

Na ni wiki hiyo ndipo alipoingia Nedelya. Alikuwa mwalimu wa kijiji, aliyepewa kazi ya kushona bendera ya waasi. Lazaro alifungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia. Tangu mwanzo wa kitabu alikuwa akisoma kama anayesoma ripoti ya mvua. Sasa alikwenda polepole, akisita, akirudia. Nedelya alishona dirishani kwa ajili ya mwanga. Alikuwa akiinamisha shingo upande wa kushoto kama anayeisikiliza nguo. Akikosea, aliweka ncha ya ulimi katikati ya meno. Akikasirika hakusema neno, bali alihamisha vitu mezani, mkasi huku, uzi kule, na kuvirudisha. Maziwa aliyapuliza mara tatu kabla ya kunywa, hata yakiwa yamepoa. Na nyuma ya shingo yake, chini kidogo ya nywele, palikuwa na vidoa vitatu vyeusi, vimepangana mstari, ambavyo yeye mwenyewe hakujua kwamba anavyo.

Niliyapiga maneno hayo moja moja. Nani anaandika hivyo juu ya mshonaji wa bendera? Nilijiambia kwamba ni yule wa theluji. Amemchukua msichana wake wa Plovdiv akamvika nguo za zamani, na mimi ndiye natumiwa kumchapa. Nilimchukia huyo mwalimu kwa shingo yake na kwa ulimi wake. Alishika sindano tu, wanaume wakamwona. Mimi nilikuwa napiga herufi elfu kwa siku, kucha zimekatika, na aliyesimama nyuma yangu anamtazama mwingine. Wivu unakaa tumboni, hapa chini ya mbavu, na ukikaa hapo hata ugali haupiti. Wiki ile nilipungua mpaka pete ikaanguka ndani ya mashine.

Kurasa zile zilikuwa sita, siku tatu. Iliya alikuwa akishuka mlimani, kwa mujibu wa Lazaro, akasimama ng'ambo ya njia nyuma ya lundo la kuni, akamtazama mwalimu anavyofanya kazi, akapanda tena bila kusalimu. Alikuwa akisubiri aone kama mwalimu atainua uso.

Siku ya pili nilishindwa kuvumilia. "Kwa nini hamwambii?"

"Anaogopa watu wa nyumbani kwake."

"Mwoga huyo. Anapigana na Sultani, halafu anaogopa watu wa nyumbani."

Nilisikia Lazaro akisogeza miguu nyuma yangu. Kisha akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Siku ya tatu tulifika mwisho wake. Askari walikuwa wamezingira kijiji, wenzake walimkataza, lakini Iliya alishuka mara moja zaidi. Na safari hiyo Nedelya aliinua uso, akamwona. Iliya akasahau kujificha. Walimkamata hapohapo, na alipopelekwa kunyongwa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa. Lazaro alisoma hayo kisha akafunga daftari, na akabaki amesimama nyuma yangu. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Mizabibu nje ilikuwa imekatwa yote, vishina vitupu mpaka reli, na wapogoaji walikuwa wanachoma matawi. Sikugeuka. Nilihamisha chupa ya dawa nyekundu kutoka kulia kwenda kushoto, nikaichomoa stensili kwenye mashine.

"Tumemaliza?" nilisema.

"Tumemaliza sehemu hiyo," alisema, akaondoka, na nadhani aliinama mlangoni.

Alasiri hiyohiyo nilizichukua stensili sita, kuanzia ukurasa wa thelathini na moja hadi wa thelathini na sita, nikatoka nje nikazitupa kwenye moto wa matawi. Nta inawaka vibaya, kwa moshi mweusi, na mpogoaji mmoja aliniuliza nachoma nini. Nilimwambia makosa. Kisha niliirudisha stensili ya thelathini kwenye mashine, kwa kuwa ilikuwa na nafasi chini, nikaongeza ya kwangu, nikiiga walivyokamatwa wenzake wa kurasa za mwanzo: "Bendera ilishonwa na mwalimu wa kijiji. Siku moja Iliya alishuka kijijini kutafuta mkate, akakamatwa kwenye kinu cha ngano." Jina la Nedelya sikuliandika. Namba za kurasa sikuzigusa. Nilitaka Lazaro aone.

Aliona siku tulipodurufu. Alikuwa anapanga kurasa kwa ajili ya kubana, akafika thelathini, mkono ukaenda thelathini na saba. Aliangalia chini ya meza kama zimeanguka. Kisha akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa na wino mpaka viwiko.

"Hizi sita umezitoa wewe?"

"Nimezitoa mimi."

"Ulizisoma vizuri kabla ya kuzitoa?"

"Nilizisoma. Nilielewa kila neno, Lazaro. Usidhani sikuelewa."

Alizipanga zilizobaki, akagonga kingo mezani zikae sawa. "Basi," alisema. "Nami nimekuelewa."

Nilingoja akasirike. Nilingoja aniambie nimeharibu kitabu cha mzee wa watu, anikaripie, nimtupie ile picha usoni. Alibana nakala mia moja mpaka ya mwisho, akanisaidia kufunika mashine, akaniaga kwa heshima kama mtu anayeaga mama mkwe. Mlenda haukuja tena. Kabla ya mavuno aliomba uhamisho, akapelekwa Mtera kwa wakulima wa kando ya bwawa, na nikasikia baadaye kwamba ameoa hukohuko.

Mzee Stoyani aliondoka kabla ya mvua. Alikuwa amekisoma kijitabu chote, polepole, kidole kwenye mstari, naye alikuja ofisini kuniaga na kofia mkononi. "Zuhura, umefanya safi," alisema. "Hivyohivyo alivyosema bibi yangu. Namba za kurasa umekosea kidogo, si kitu." Nilijua basi kwamba mzee amenihurumia, au macho yamechoka hata hakuona kilichoondolewa. Nililia baada ya yeye kutoka. Nilikuwa nimemkatia maisha ya mtu wake, aliyenyongwa tayari mara moja, kwa sababu ya msichana wa kwenye picha. Nikaolewa na Juma mwenye lori. Alikuwa mume mwema, hakunipiga, hakuninyima, na miaka yote thelathini niliibeba ile dhambi bila kumwambia.

Basi mwezi uliopita, Zuzu, watu walipopungua chumbani na wengine kwenda kula, nililitoa daftari. Picha ilikuwamo, ndiyo ya kwanza kuanguka. Neda aliiokota. "Huyu ni mtoto wa mama mwenye nyumba wa baba kule Plovdiv," alisema. "Ndiye aliyemfundisha lugha. Alikuwa akituma kadi za Krismasi na picha za wajukuu." Nilisema aa, kama mtu anayeambiwa bei ya vitunguu. Nikafunua, natafuta zile kurasa sita kwa mwandiko wake, nipate angalau kumrudishia Mzee Stoyani, aliko, kile nilichochoma.

Hazikuwemo. Mzinga wa gogo ulikuwemo, neno kwa neno kama nilivyoukumbuka. Chini yake kulikuwa na mistari miwili kwa wino wa bluu: "Bendera aliishona mwalimu wa kijiji, Nedelya. Iliya alishuka kutafuta mkate, wakamkamata kwenye kinu." Ukurasa uliofuata alikuwa ananyongwa. Nilirudi nyuma nikahesabu karatasi, nikapitisha kidole kwenye mshono kama kuna iliyochanwa. Hakuna. Pembeni ya mistari ile miwili kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yameinama: "Hapa nitasema ya kwangu." Na chini yake, kwa kalamu nyingine: "Ameelewa. Hataki."

Siku tatu alisimama nyuma yangu ameshika daftari wazi, macho yakiwa kwenye mistari miwili, na hakuwa anasoma chochote.

Neda aliniuliza kama nahitaji maji. Badala ya kumjibu nililegeza ushungi, nikainamisha kichwa mbele yake, mimi mtu mzima, msibani. "Hebu niangalie hapa nyuma, mwanangu. Chini ya nywele. Kuna nini?"

Vidole vyake vilikuwa baridi. "Vidoa, mama. Vitatu. Vimepangana mstari." Halafu akauliza, "Hukujua?"

Sikujua. Nimesukwa na wasusi wangapi, na Juma amelala nyuma ya shingo hiyo miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Hata mimi jina langu linatoka humo," Neda alisema, akiwa bado ameshika ncha ya ushungi wangu. "Ni kifupi cha Nedelya. Mama hakulipenda kamwe. Kila wakigombana alikuwa anamuuliza baba, huyo mwalimu wako wa Ulaya ni nani hasa." Alisema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo. Mjane aligeuza uso kutoka ukutani. Niliufunga ushungi haraka. Mmoja wa wanawake alikuwa akigawa chai, akanipa kikombe, na mjane alingoja mpaka nimekipokea.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyekipiga chapa kile kitabu. Huyo Nedelya alikuwa mwanamke wa namna gani?"

Nilimtazama. Naijua sura ile, nimeivaa mwenyewe. Ningeweza kumwambia lolote, na kitu kibaya ndani yangu kilitaka sana kumwambia.

"Wa kawaida tu," nilisema. "Alishona bendera. Hakuwa na lolote la kuonewa wivu."

Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuacha kunitazama. Nilinyanyua kikombe, nikapuliza mara moja, mara mbili, na mara ya tatu, na ndipo nilipohisi mdomoni kwamba chai ilikuwa imepoa kitambo.